Mjomba, Bunduki Haiji

Des Moines, Iowa
Novemba 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Mimi huku ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo baridi imeyafanya kama si yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Una dakika saba na nusu, na tano kati ya hizo ni za nguruwe pori. Nimesikia walivyomaliza mahindi ya bondeni, walivyohamia kwenye karanga, na jinsi gobore lako lilivyotoa moshi mpaka nguruwe wakaondoka wanakohoa, wazima wote. Kisha ukalitoa lile neno: "Huko kwenu bunduki zinauzwa kama maandazi, nifungie moja kwenye boksi la mitumba."

Mjomba, kuuzwa zinauzwa. Nimeziona dukani kwa macho yangu, zimepangwa ukutani, hatua chache kutoka kwenye ndoana za samaki na soksi za sufu. Lakini juzi nimemaliza kumsaidia bibi mmoja kutuma bunduki moja, tena si huko kwako Sikonge, Tabora, ni jimbo la Montana, humu humu Marekani. Imetuchukua wiki tatu. Soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mama kwamba nimekuwa mchoyo.

Bibi mwenyewe ni jirani yangu, mlango wa pili. Ana miaka 78, anaishi na paka asiyenipenda. Theluji ikianguka namkwangulia njia, naye ananipa pai ya matofaa. Mumewe alifariki mwaka jana akaacha bunduki ya kuwindia, Winchester modeli 94, ile yenye mkono wa chuma chini yake, unaupiga chini na juu kama unavuta maji kwenye pampu ya kisima. Swahiba wa marehemu aliyekuwa akiwinda naye zamani akapiga simu kutoka Montana: bunduki hiyo anaitaka, dola 500 hizi hapa. Wakakubaliana. Bibi akaniita jikoni. "Wewe kijana umesoma. Nitafutie njia ya kuituma. Iwe ya halali, na iwe rahisi." Rahisi ya bei, Mjomba, maana ya kazi haikuwepo.

Kumbe swahiba angekuwa mkazi wa Iowa hapa, mambo yangekwisha kwa dakika kumi. Angekuja na pikapu lake, angehesabu noti, wangeagana, basi. Sheria ya serikali kuu haiwazuii wakazi wawili wa jimbo moja kuuziana bunduki ya kuwindia uani. Lakini mstari wa jimbo ukishaingia katikati, mambo yanabadilika. Tangu mwaka 1968 mtu binafsi hawezi kumkabidhi bunduki mtu wa jimbo jingine, hata kama walikunywa maziwa ya mama mmoja. Lazima ipitie kwa muuza silaha mwenye leseni ya serikali kuu. Huyo ndiye anayeipokea na kuiandika kwenye daftari lake. Mnunuzi anakwenda pale na kitambulisho, anajaza fomu namba 4473, jina lake linaulizwa kwenye mfumo wa FBI kama lina doa, ndipo akabidhiwe. Na leseni hizo zinatolewa na idara moja inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Yaani kila kilichokuwepo kwenye harusi yako, kwa simulizi za mama, wao wamekiweka chini ya ofisi moja.

Unajua sheria hiyo imetokana na nini? Mwaka 1963 kijana mmoja aitwaye Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kwa posta kutoka duka la Chicago, kwa jina la bandia. Dola 21 na senti 45, pamoja na darubini na gharama ya kutuma. Ikamfikia kwenye sanduku la posta huko Dallas, na Novemba ya mwaka huo huo Rais Kennedy akauawa kwayo. Bunge likavutana miaka mitano. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy, na Oktoba Rais Johnson akatia saini. Sanduku la posta likaacha kuwa mlango wa bunduki.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikamwambia bibi: tuendeshe gari lako mpaka Montana, kilomita 1,500 hivi, tumpelekee mwenyewe, tuone na milima. Kusafiri nayo si kosa, maana kuna sheria ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri, mradi bunduki haina risasi na imefungiwa nyuma kwenye buti. Lakini ukifika, kuikabidhi ndiyo kosa lile lile. Ungepita majimbo yote salama ukakamatwa mlangoni kwa rafiki yako umeshika pai.

Kisha nikagundua kwamba marehemu angeandika kwenye wosia wake "bunduki hii apewe swahiba wangu", ingevuka mpaka moja kwa moja bila muuzaji wa katikati, maana urithi una mlango wake kwenye sheria. Nikamsomea bibi. Akaitazama picha ya mumewe ukutani muda mrefu. "Miaka 51 nilimwambia aandike mambo," akasema. Siku ile hatukuendelea.

Swahiba naye akaja na lake. Akapiga simu kwamba bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, sheria ya serikali kuu haiiti bunduki kabisa. Ni kitu cha kale, unaituma kama sufuria. Na hili ni kweli, Mjomba! Modeli hii ilianza kutengenezwa 1894, kwa hiyo zipo chache zilizozaliwa upande wa pili wa mstari huo wa 1898. Tukavaa miwani, tukasoma namba iliyochongwa tumboni mwake, tukaitafuta. Mtoto wa baada ya Vita Kuu ya Pili. Swahiba akasikitika kama aliyeambiwa yeye ndiye mzee. Nami nikakumbuka gobore lako. Huku lingekaa sebuleni bila kuulizwa na serikali kuu, na wewe kwa moshi ule ule ulizunguka kwa mwenyekiti, kata na wilaya mpaka soli ikaisha.

Ikabaki kuituma kweli kweli. Tulianza na kampuni moja ya vifurushi. Kijana wa kaunta alisikia neno "bunduki" akarudi nyuma hatua mbili. Kampuni kubwa za vifurushi siku hizi hazipokei silaha kwa mtu binafsi, wanapokea kwa wenye leseni walioandikiana nao mkataba. Tukaenda duka la bunduki la hapa mjini. Wao wako tayari kuituma kwa niaba yetu, dola 60 za kazi na nauli juu yake. Bibi, ambaye hukata kuponi za siagi kwa mkasi, aliaga kwa heshima na kutoka nje.

Njia ikawa posta. Hapa kuna tofauti nilitamani mtu angeniambia mapema. Bastola, sheria ya mwaka 1927 ilimkataza mtu binafsi kuituma kwa posta, kwa sababu bastola inafichika. Bunduki ndefu inaruhusiwa, ikiwa haina risasi, na ikiwa nje ya jimbo iende kwa mwenye leseni. Risasi zenyewe posta haizipokei kabisa. Basi swahiba akatafuta muuzaji wa mjini kwake, wakaelewana dola 30 za kupokea na kujaza fomu, na muuzaji akatutumia nakala ya leseni yake ikiwa na saini. Bibi akaikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Sasa boksi. Nje hairuhusiwi kuandika chochote kinachoonyesha kuna bunduki ndani, kwa sababu wezi nao wanajua kusoma. Bibi akaleta kutoka stoo boksi refu, zuri, imara. Limeandikwa: FIMBO ZA PAZIA. Mjomba, usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma habari za Oswald mpaka saa nane. Asubuhi ile ya Dallas alipewa lifti kwenda kazini akiwa na furushi refu, na alipoulizwa lina nini alijibu: fimbo za pazia. Nikamwambia bibi, mama, boksi lolote isipokuwa hilo. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza. Akaketi. Yeye mwaka ule alikuwa msichana wa miaka 18, anakumbuka alikuwa amesimama wapi redio ilipotangaza. Tulinunua boksi jeupe kwa dola sita, gharama pekee ambayo hakulalamikia.

Usidhani mimi niliifunga bunduki hiyo. Viza yangu ni ya masomo, na sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au hata risasi moja. Kuna vijimlango: nikikata leseni ya kuwinda kulungu, kwa mfano, naruhusiwa. Kulungu ambaye sijawahi kumwona ila kwenye kibao cha barabarani ndiye angenipa haki hiyo! Nikaona nisitafute makubwa. Kazi yangu ikawa seloteipu na kalamu. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikisoma maelekezo kwa sauti, bibi akaivuta, akachungulia chemba, akaichungulia tena, akaifungia kifuniko chake, akaiviringisha kwenye blanketi la paka. Paka alinitazama mimi.

Siku ya kwenda posta ndiyo iliyonivunjia heshima. Niliendesha gari mimi. Boksi akalibeba yeye, maana nilikataa hata kuligusa kwa kidole. Fikiria picha: barafu chini, bibi wa miaka 78 amekumbatia boksi linalokaribia kimo chake, anapanda ngazi polepole, nyuma yake mwanaume mzima amejaza mikono mfukoni. Watu walinitazama, Mjomba. Mwanamama mmoja aliniambia, "Huoni haya?" Ningemjibu nini? Kwamba mimi ndiye mtii wa sheria? Jamaa mwenye kofia akajitolea kumsaidia. Bibi akamshukuru, akasema ni jepesi, na akaniangalia kwa jicho la kwamba leo hakuna pai.

Dirishani karani aliuliza maswali yote kwa utaratibu. Ni bunduki ndefu? Ndiyo. Ina risasi? Haina. Inakwenda kwa nani? Biblia ikafunguliwa, leseni ikatoka. Bibi akaandika na kusaini kwamba haina risasi. Tukalipa dola 38, ndani yake bima na sharti la mpokeaji kusaini. Siku tano baadaye muuzaji wa Montana akapiga simu kwamba imefika, na jioni swahiba akapiga yeye. Walizungumza na bibi zaidi ya saa nzima, na bunduki haikutajwa ila mwanzoni.

Sasa rudi kwako. Kama Montana ni hivi, Tabora je? Kutoa bunduki nje ya Marekani bila kibali ni jinai, kuiingiza nyumbani bila kibali ni jinai nyingine, na katikati kuna mimi mwenye viza ya karatasi. Boksi la mitumba litakuja na mitumba.

Ila bibi nilimsimulia habari za nguruwe. Alicheka moshi wa gobore mpaka akafuta machozi, kisha akaniletea koti la mvua la marehemu, zito, la kijani, akisema mzee anayekesha shambani analihitaji kuliko kabati lake. Nikaongeza tochi mbili kubwa na filimbi ya refa. Jana usiku nilikuwa nalikunja koti niliweke ndani, mkono ukaingia mfuko wa kulia, ukakutana na vitu viwili, baridi, vizito, vyenye ncha.

Nikaliacha koti sakafuni. Nikampigia bibi saa nne usiku, akaja na kandambili za manyoya, akazitoa risasi zote mbili, akanishauri nikalale. Koti liko salama sasa, nimelipekua mara tatu, litaondoka na mzigo wa wiki ijayo. Mfuko wa kushoto umetoboka, usiweke hela.

Mpwa wako