Tanga Mbele, Dizeli Nyuma

Koru, merikebu ya kifahari ya Jeff Bezos, ina urefu wa mita 127 na milingoti mitatu. Inaweza kwenda kwa upepo, na upepo hauna moshi. Hongera zake.

Shida ni helikopta. Milingoti na mapanga ya helikopta havipatani, basi ikatafutwa meli ya pili, Abeona, mita 75, yenye uwanja wa kutua. Hiyo haina tanga hata la kufutia jasho. Inanguruma kwa dizeli nyuma ya mwenzake msafi, kama mpambe aliyebebeshwa masanduku ya bibi harusi.

Mwaka 2022 waundaji wa Koru walitaka hata daraja la kale la Rotterdam, De Hef, lifumuliwe ili milingoti ipite. Wakazi wakaahidi kuipokea kwa mayai viza. Chombo kikavutwa kwa njia nyingine, bila milingoti.