Namna ya Kunywa Mwekundu wa Dodoma Bila Kuuonea

Anza kwa kuutoa juani. Chupa ya Makutupora, mvinyo mwekundu wa Dodoma, iliyopigwa jua dirishani tangu asubuhi haina kosa; mwenye kosa ni aliyeiweka pale. Wajuzi watakwambia mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Muulize mjuzi: chumba cha nani? Hicho chake ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili hugonga 30, na hapo pombe hukupanda puani kabla hujaonja tunda. Ingiza chupa kwenye friji nusu saa, na asikutishe mtu.

Sasa, weka soda chini. Ndiyo, hata harusini, hata kama shemeji ameshaifungua. Ule ukakasi unaokausha ulimi hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Rangi nayo imo gandani, ndiyo maana mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake. Hewa ya chachu huyainua yakaelea juu kama kifuniko kizito, na mtengenezaji hurudi tena na tena kuyashindilia chini, mikono imeiva zambarau. Kazi yote hiyo, halafu uimwagie kola? Dawa ya ukakasi ni mbuzi choma, ubavu wenye mafuta, na chumvi ya kutosha. Tafuna kwanza, ndipo upige funda. Mafuta na ukakasi hupatana vizuri mno.

Ukiwa unatafuna, mfikirie mkulima. Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Anayeuamsha ni mkulima mwenyewe, kwa mkasi. Akipogoa, unachipua upya, na mwaka mmoja humpa mavuno mawili. Yale yanayoiva wakati wa mvua humtia hofu ya ukungu, kwani zabibu mbivu na unyevu haviivi chungu kimoja. Ya kiangazi huja na jua kavu, na sukari hukolea. Mimi ni wa kiangazi, na natamani kila lebo iandike mwezi zabibu zilipovunwa. Mpaka siku hiyo, muulize muuzaji, na ukimwona anababaika, uliza tena kwa sauti, wenye foleni nyuma yako nao wasikie.