Pat McGrath Kanihamia Nyumbani

Kuna mama wa Kiingereza anaishi kwangu Tabata na halipi kodi. Anaitwa Pat McGrath. Mwenyewe hana habari. Kaletwa na binti yangu, aliyeamua kuwa mpambaji wa mastaa, na kila nikigusia pesa huyo mama anaitwa kutoa ushahidi.

Nikitaja chuo: "Baba, Pat hakusomea mekapu popote, na mwaka 2021 Uingereza ikampa cheo cha Dame. Mpambaji wa kwanza!" Nikiuliza kama poda inajenga nyumba, natajiwa kampuni yake, iliyothaminiwa dola bilioni 1 mwaka 2018. Haniambii kwamba kabla ya kuianzisha mwaka 2015, mama wa watu alishapaka nyuso za wenzake zaidi ya miaka 20. Juzi nikaombwa hela ya brashi. Nikasema, huyo Pat wako si anasifika kwa kupaka kwa vidole? Unavyo kumi, nimevilisha mwenyewe. Siku hiyo shahidi hakuitwa tena.

Januari 2024, kwenye onyesho la mavazi la Maison Margiela, Pat aliwang'arisha wanamitindo ngozi kama wanasesere wa kauri. Binti akaona amjaribie mama yake, harusi ya jirani. Sasa, lile onyesho lilikuwa Paris, usiku, chini ya daraja, majira ya baridi. Sisi tulikuwa ndani ya bajaji, saa tisa mchana, foleni ya Buguruni. Tulipofika ukumbini uso wa mke wangu ulishaanza safari ya shingoni, na kitenge changu kipya, alichokiegemea, ndicho kilichong'aa.

Ninayemheshimu kwenye hadithi hii ni Jean, mama yake Pat, mhamiaji kutoka Jamaika. Pale Northampton, Uingereza, rangi za kufaa ngozi nyeusi zilikuwa adimu, naye akizunguka madukani na bintiye kuzisaka. Huyo ndiye chuo chenyewe. Lakini alikuwa na mtindo mmoja: akishajipamba, anasimama mbele ya televisheni, habanduki mpaka watoto waseme amebadilisha nini.

Nani kamsimulia hilo mke wangu, sihitaji kuuliza. Saa mbili usiku, mtangazaji ndiyo kwanza anataja bei mpya ya petroli, kioo chote kimezibwa.

"Niangalie. Nimebadilisha nini?"

"Nyusi," nikabahatisha.

Zilikuwa kope. Petroli nimekuja kuijua bei kituoni.