Juu 12, Chini 18

Juu navaa saizi 12. Chini navaa 18. Kiunoni, pale kaunti hizi mbili zinapopakana, hakuna nguo ya kiwandani iliyowahi kuridhisha pande zote. Gauni likikubali kupita nyonga, mabega yake huniteremkia hadi viwiko. Likinikaa vizuri mabegani, basi litakwama mapajani na hapo hakuna maombi yatakayolisogeza. Wakati fulani, huko Uingereza na Kanada na Marekani ambako marobota ya mitumba hutoka, watu walikaa wakaamua kwamba mwanamke ni saizi moja kuanzia shingoni hadi magotini. Mimi sikuitwa kwenye kikao hicho, wala mama yangu, wala mwanamke yeyote ninayemfahamu kutoka Molo hadi Gilgil.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini chumba cha kupimia nguo kwenye vibanda vya mitumba bado ni leso mbili na kioo kinachomwonyesha mteja goti moja. Ndimo nilimoingia na jinzi ambayo mwuzaji aliniapia ni kamera, yaani chaguo la kwanza la robota, si fagia ya mwisho wa siku. "Siste, vaa tu, itafunguka." Ikapanda vizuri hadi juu ya magoti, ikasimama. Nikavuta. Nikaruka. Mtu aliyewahi kuvaa jinzi kwa nguvu anajua kwamba kuna kuruka fulani ambako hakuhitaji leso mbili bali ukuta wa mawe. Leso ya kwanza ikaanguka, na mama wa kabeji wa kibanda cha pili, badala ya kugeuza uso kwa heshima, akachukua uongozi. "Vuta pumzi ndani, mama!" Nilitaka kumwambia kwamba hewa haikai mapajani, ila sikuwa na hewa ya kumwambia. Kijana wa mkokoteni alisimama akashauri nilale chini. Mwuzaji naye, mtu wa biashara hasa, alitumia nafasi hiyo kuuzia umati soksi.

Tuseme sasa umepata inayopita nyonga. Hapo ndipo shida ya pili huzaliwa, maana kilichotosha nyonga huacha pengo nyuma ya kiuno, pana kiasi cha kuingiza mkono, simu au kitabu kidogo cha nyimbo. Wanawake wa umbo langu hulijua pengo hilo na hulifunika kwa sweta. Jumapili moja kanisani joto lilizidi nikavua sweta, nikainama kwa maombi. Nyuma yangu alikaa mtoto wa miaka mitatu au minne, ameshika sarafu ya shilingi kumi aliyopewa na mama yake atoe sadaka. Akaangalia mbele yake, akaona mwanya mzuri kabisa, ulionyooka, uko kimo chake. Akatoa sadaka.

Hata kanisa likiwa na joto, sarafu ya asubuhi ya Nakuru ni baridi. Nilipiga kelele katikati ya sala ya mchungaji, na waumini wa pande zote wakaitikia "Amina!" kwa nguvu mpya. Kapu la sadaka lilipofika kwa mtoto yule, alikataa kabisa kutoa tena. Mama yake akambembeleza, akamfinya, akamtolea macho. Mtoto akaninyooshea kidole huku analia: "Mimi nimeshatoa! Nimewekea huyu auntie!"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mzigo huu ninaotaka kuupunguza kuna watu wanautafuta kwa pesa. Milingoti ya stima mjini imebandikwa matangazo ya waganga na wauza krimu wanaoahidi kuongeza hipsi na makalio, yakiwa jirani na yale ya kurudisha mume na kushinda kesi. Madukani kuna chupi zilizotiwa sponji pembeni, za wasichana ambao Mungu aliwapa saizi 8 juu na chini. Siku moja msichana wa duka kama hilo alinifuata hadi nje akaniuliza kwa heshima zote, "Auntie, samahani, hizo uliagiza wapi?" Nilimjibu kwamba ni za nyanya yangu. Akaniuliza kama nyanya bado anauza.

Halafu kuna majirani. Kutamani mwili mwembamba ukiwa katikati ya Bonde la Ufa ni kujitafutia fedheha. Mwanariadha Faith Kipyegon amelelewa pande za Keringet, humu humu kaunti ya Nakuru, na Julai 2025 alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, miaka saba baada ya kujifungua. Watafiti kutoka Denmark waliwahi kuja kupima miguu ya vijana wa Kikalenjin, wakakuta kwamba chini ya goti ni myembamba na myepesi kuliko ya vijana wa kwao, na kwamba wepesi huo unapunguza gharama ya kila hatua. Kwangu Wadenmaki hawajafika. Lakini nilinunua raba, nikaanza kupanda kutoka Milimani kuelekea Menengai alfajiri, mahali ambapo hewa ya mita zaidi ya elfu mbili juu ya bahari haimsamehe mtu. Watoto wa shule walinipita wakiwa na mabegi. Mmoja alinipita akila mandazi.

Kupanda si kitu. Kushuka ndiko kulikonifunza kwamba mapaja yangu, yanayosalimiana kila hatua, yakisalimiana kwa kilomita kadhaa huwasha moto. Hili wanawake hawalisemi hadharani, lakini angalia jinzi yoyote ya mwanamke mwenye mapaja: magoti mazima, mifuko mizima, zipu nzima, na katikati ya mapaja kitambaa kimekuwa wavu. Niliingia mjini nimetanua miguu, nikitembea kwa hatua za daktari wa mifugo anayevuka zizi. Kijana wa bodaboda aliyeegesha kando ya barabara alinihurumia kwa dhati: "Pole, mathe. Farasi amekutupa?"

Ndipo nikaenda jimu. Mkufunzi, kijana ambaye shingo yake ilianzia masikioni na kuishia mabegani, alinizunguka akanitazama kama fundi bomba anavyotazama mtaro ulioziba. Akasema tatizo langu liko sehemu moja, na yeye atalilenga sehemu hiyo hiyo. Tutachuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Tutarusha mguu nyuma. Mafuta ya mapaja yatayeyuka yenyewe. Kwa furaha ya kusikia kwamba kuna dawa inayolenga, nililipa mapema. Siku iliyofuata nilishuka ngazi za ofisi kinyumenyume, nikikumbatia ukuta, na kiti cha choo kikawa safari ya kwenda bila kurudi.

Nilikonda, kusema haki. Kilichoondoka kwanza ni kifua. Kikafuatwa na mashavu. Mifupa ya shingo, iliyokuwa imejificha tangu nimalize sekondari, ikatoka nje kusalimia watu. Pete ilianza kuzunguka kidoleni, saa ikateremka hadi kwenye kiwiko nikiinua mkono. Mapaja hayakuguswa. Nilienda kwa mzee mmoja mwenye mizani kando ya Kenyatta Avenue, wale wanaokupima kwa sarafu chache na kutangaza matokeo kwa barabara nzima. Ananijua. "Umepunguza kilo sita!" akapaza sauti, watu wakageuka. Kisha akanitazama kuanzia chini, akatazama mizani, akaigonga kwa kidole, akanitazama tena. "Zimetoka wapi?"

Usiku ule nililala kifudifudi, kwa kuwa upande ule mwingine haukuwa ukikubali kulaliwa, nikatafuta mwenyewe jibu la swali la mzee. Mwaka 1971 watafiti wa California walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu ambao kwa miaka mingi mkono mmoja umepiga mpira na wa pili umebaki ukitazama. Mkono wa kazi ulikuwa mkubwa, ndiyo, wa misuli. Lakini mafuta yaliyo chini ya ngozi yalikuwa na unene ule ule mikono yote miwili. Msuli ukifanya kazi hauchoti mafuta ya jirani yake. Mwili mzima huchanga, na mwili ndio unaoamua nani achange kwanza. Kwa mwanamke, estrojeni huyapeleka mafuta nyongani na mapajani tangu kubalehe, yawe akiba ya mimba na kunyonyesha, na seli za huko ni ngumu kuachilia kuliko za tumboni. Kwa hiyo mwili wangu ulipoona ninachuchumaa na chuma bila sababu yoyote ya maana, ulihitimisha kwamba kuna njaa imekuja, ukauza kifua na kulinda ghala.

Hasira zangu zilipunguzwa na Mfaransa. Daktari Jean Vague wa Marseille aliandika mwaka 1947 kwamba wingi wa mafuta peke yake si hoja, tazama yanapokaa. Yale ya tumboni ndiyo yanayofuatana na kisukari na maradhi ya moyo. Yale ya nyongani na mapajani hukaa na watu kwa amani. Madaktari wa baadaye wakakubaliana naye, na ndiyo sababu kliniki siku hizi hutoa futi ya kupimia: mwanamke aanze kujiangalia kiuno kikipita sentimita 80, au kiuno kikigawanywa kwa nyonga kikifika 0.85. Niliamka nikatafuta futi ya cherehani. Kiuno inchi 31, nyonga 45. Nikagawanya: 0.69. Ni mtihani wa kwanza wa hesabu niliowahi kupita, na niliupita kwa sababu ya alama ndogo. (Shangazi yangu anasema nisiringe. Hedhi ikikoma mafuta huanza kuhamia tumboni, na yeye, ambaye picha zake za mwaka 1985 zina nyonga hizi hizi, sasa anatafuta mshipi na sketi isiyoanguka.)

Lakini nilikuwa nimechelewa, kwa sababu uso wangu ulikuwa umekwisha kutoa habari. Mama alinitazama kutoka kwenye mlango wa jikoni huko Molo, akaacha kumenya viazi. Hakuuliza kitu, aliongeza tu viazi vingine kwenye sufuria. Mama wa mboga aliniwekea sukumawiki ya bure, akanishika mkono. Kwenye chama chetu, mtaa wa Free Area, nilifika mapema nikakaa nyuma ya meza ya chai, meza yenye kitambaa kinachofika sakafuni. Wenzangu waliokuja walikuta kichwa, shingo na mifupa. Wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini. Mmoja alinisogezea supu ya mifupa ambayo haikuwa kwenye orodha ya chakula. Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala ndefu ambayo haikunitaja jina, lakini ilitaja "wale wanaopigana kimya kimya". Nami niliitikia amina, nikidhani tunamwombea mtu.

Habari nilizipata kwa mpwa wangu aliyenipigia kutoka Naivasha. "Auntie, mbona hukuniambia? Nimetuma kidogo kwa M-Pesa." Kumbe nilikuwa na kikundi cha WhatsApp, kikundi kizima, chenye picha yangu ya zamani nikiwa na mashavu, na mweka hazina, na orodha ya waliotuma na walioahidi. Kuna aliyekuwa ameshaulizia gari la kunipeleka hospitali Nairobi. Nikaitisha kikao cha dharura. Nilieleza kuhusu jimu, wakanitazama kwa huruma ya watu wanaojua kwamba mgonjwa hukana. Nilieleza kuhusu wachezaji wa tenisi wa California, na hapo huruma ikazidi. Basi nikasimama, nikazunguka meza, nikaja mbele, nikageuka taratibu.

Kimya.

"Alaa," akasema mwenyekiti. "Kumbe hajaenda popote."

Ikabaki shida ya pesa. Kuzirudisha haikuwezekana bila kufichua nani aliahidi elfu mbili akatuma mia mbili, na chama kilichodumu kwa miaka hakivunjwi na afya ya mtu mmoja. Ikaamuliwa, kwa kura, zinunuliwe vitenge, tushone sare ya harusi ya binti wa mwenzetu huko Bahati. Fundi wa cherehani aliletwa. Ni yule yule anayenishonea siku zote, mzee ambaye kila mara hulalamika kwamba mimi humshonesha watu wawili na kumlipa mmoja. Alipima kila mwanachama mbele ya wote, akitaja namba kwa sauti ili mweka hazina aandike. Kwa wenzangu alihesabu kitambaa kilekile. Alipofika kwangu akapima kifua, akatabasamu, akasema hapa nitabakisha. Akashuka nyongani. Akarudia kupima. Akamwambia mweka hazina aongeze mita moja na nusu.

Mweka hazina alivua miwani, akapitia orodha ya mchango tangu juu hadi chini, akaipitia tena, kisha akafunga daftari.

"Dada," akaniambia, "hapo juu tumechanga, Mungu ni shahidi. Huko chini utajilipia."