Pongezi kwa Hazina kwa Kuziokoa Fedha Mikononi mwa Watafiti

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: PONGEZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, sisi wakulima wa mikorosho wa Ndanda, pamoja na ndugu zetu wa Masasi na wale wa juu kule Newala, tumechelewa kushukuru, maana jambo lenyewe ni la Juni 2018. Kabla ya hapo korosho ghafi iliyosafirishwa nje ililipiwa ushuru wa asilimia 15, na katika kila shilingi 100 za ushuru huo, 65 zilirudi kwenye zao: salfa, miche, na wale mabwana wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanaolipwa kuchungulia majani. Bunge likaketi, wabunge wa Kusini wakalalama hadi wakachoka, sheria ikapita. Zote 100 zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Tulifarijika kujua kwamba pesa yetu imepata makao makubwa.

Wenye chuki wanakumbusha kwamba msimu wa 2017/18 zilipatikana tani zaidi ya 300,000, na uliofuata zikashuka hadi kwenye 225,000 hivi. Sisi hatumo. Pengine mikorosho nayo ilikuwa ikisikiliza Bunge redioni.

Najua wasaidizi wako watakunong'oneza kwamba salfa ya ruzuku imekuja, na kwamba msimu wa 2024/25 tumevuka tani 500,000. Ni kweli, na tunashukuru bila kejeli, mara hii moja. Ila waulize: nani alijua kwamba dawa ni salfa? Mwaka 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yao yakabaki porini, bei ikavunja moyo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga ukaingia, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua machanga na kuyakausha kabla hayajatunga. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Ndipo watu wa Naliendele wakakaa na mti, msimu baada ya msimu, wakipima salfa kiasi gani, ipulizwe lini, na mkorosho upi unastahimili kuliko mwingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ililipiwa na wafadhili wa nje, Uingereza ikiwamo. Yaani, Mheshimiwa, kila gunia linaloingia ghalani leo limebebwa na watu waliokwisha kustaafu, kwa posho ya mlipa kodi wa Uingereza. Hazina imefanya busara kubwa: imekula bila kupika.

Sasa kuna mgeni. Mwaka 2012 mnyauko ulibainika Magawa, Mkuranga. Huyu hana haja na maua. Fangasi wake yumo ardhini, anaupanda mti kutoka mizizini na kuukausha mzima mzima. Salfa anaichekelea. Tunaomba asisumbuliwe na watafiti, atachoka mwenyewe.

Isitoshe, kutotafiti ni urithi wa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga, Nachingwea hapo jirani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Walileta matrekta kwanza, wakauliza udongo na mvua baadaye. Kufikia 1951 walikuwa wametupa pauni milioni 36 na kuondoka. Reli ya mradi huo kutoka bandarini Mtwara nayo ikafungwa mwaka 1962. Kama wangempa mtaalamu mmoja wa udongo misimu michache na posho ya chakula, historia ingekosa kichekesho kizuri.

Januari 2007 mjini Addis Ababa viongozi wa Afrika walikumbushana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Asilimia moja! Kuikosa shabaha ndogo namna hiyo kwa miaka yote hii kunahitaji nidhamu. Na watoto tumewaandaa vilevile: mwaka 2014 tulichangishwa ili shule za kata zipate maabara tatu tatu, tukachanga, kuta zikasimama. Ninayoifahamu mimi inatunza vizuri sana madawati yaliyovunjika. Bureti wanaichora ubaoni, na mwalimu wa fizikia wanamsubiri.

Ombi letu ni moja tu, la kiutawala. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi, na ndio wakati mikorosho inachanua; fungu la fedha likija kufika, maua yamekwisha pukutika. Kwa kuwa kalenda ya Hazina haibadiliki, tunaomba utoe waraka ubwiriunga usogeze mashambulizi yake hadi Januari.



Mkulima wa mikorosho,
Ndanda.

Nakala:
Ubwiriunga, mikoa ya Kusini – kwa utekelezaji.
Mnyauko, popote ulipofika – kwa taarifa.
Naliendele – hakuna fungu la kudurufu nakala yao.