Kelele Tisa za Miguu ya Gari Kuukuu: Kutoka ya Kupuuza Hadi ya Kuegesha

Toyota Corolla 110, zile zilizotoka viwandani Japan kati ya 1995 na 2000, bado zipo barabarani kutoka Mbagala hadi Rongai, na nyingine zina umri mkubwa kuliko madereva wake. Gari likifika umri huo huanza kusema. Shida ni kwamba wenye magari wengi wakisikia "ngo!" wana jibu moja tu: shokapu. Wananunua nne, zinafungwa, wanatoka gereji wakitabasamu, na kwenye tuta la kwanza: ngo!

Corolla hii imejengwa kwa mtindo wa Mmarekani Earle MacPherson, ule uliowekwa kwenye Ford Consul ya mwaka 1950: springi na shokapu zimekaa kwenye nguzo moja, na nguzo hiyohiyo ndiyo inayozunguka ukikata kona. Kwa hiyo kelele ya kifaa cha chini hupanda na nguzo, bati la bodi likaipokea, ukaisikia kwenye dashibodi. Sikio litakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta kwa mkono.

Masharti ni mawili. Kwanza, kelele inayosikika gari limesimama, injini inanguruma na usukani umetulia, hiyo si ya miguu. Anza na bati la ekzosti. Pili, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kushikilia. Tofali usilitumie kabisa, maana hupasuka bila kuaga.

Sasa tuhesabu kwa kushuka, kutoka kelele isiyo na neno hadi ile ya kuzima gari.

9. Kakakaka! Mzigo wa buti

Debe tupu haliachi kuvuma, na buti lako lina zaidi ya debe. Lina jeki iliyotoka kwenye kishikizo chake, spana ya magurudumu na tairi la akiba ambalo skrubu yake haijakazwa tangu pancha ya mwisho. Toa kila kitu, pita tena kwenye barabara ileile. Ukimya ukirudi, umetengeneza gari bila kununua hata nati. Nenda kale chipsi mayai, umestahili.

8. Kwi-kwi-kwi! Bushi kavu

Sauti hii huja ukipanda tuta polepole, na abiria wote wanageuka kukutazama. Ni mpira wa bushi uliokauka na kushika vumbi, mara nyingi zile bushi mbili zinazokumbatia fimbo ya stabilaiza. Chukua chupa ya maji ya kupuliza, lowesha bushi moja, mwambie mwenzako atikise gari. Kelele ikinyamaza, umempata mhusika. Kama bado, hamia inayofuata.

Ukishampata, usimpake oili ya injini. Oili hiyo hufanya mpira wa bushi uvimbe na kuoza. Tumia grisi ya silikoni, au nunua bushi mpya, bei yake haifiki ya kuku wa Jumapili. Kabla ya kuifunga, sugua kutu kwenye fimbo. Bushi mpya juu ya kutu ni bushi kuukuu mtarajiwa.

7. Ngwiii... tang! Beringi ya juu ya nguzo

Gari limesimama, unakata usukani hadi mwisho, unasikia kitu kinajikunja halafu kinaachia. Juu ya nguzo kuna beringi inayoiruhusu izunguke pamoja na springi. Beringi hiyo ikigoma, springi hujipinda mpaka ichoke, kisha inaruka kurudi mahali pake.

Fungua boneti, weka kiganja juu ya kichwa cha nguzo, mwenzako akate usukani kushoto na kulia. Mruko huo utauhisi mkononi. Na kama shokapu zinabadilishwa leo, badilisha beringi hizi papo hapo. Nguzo ikishateremshwa, kazi ngumu imekwisha. Kwa nini umlipe fundi mara mbili kuiteremsha?

6. Ta-ta-ta-ta! Sivii jointi

Hii imeingia kwenye orodha kwa kusingiziwa, maana ni ya mfumo wa kusukuma gari. Lakini inaishi jirani na miguu, na huko gereji majirani huchanganywa. Kata usukani hadi mwisho, ondoka taratibu ukizunguka uwanja wazi. Ikilia ta-ta-ta na kuongeza kasi pamoja na gari, ni sivii jointi ya nje. Chungulia mpira wake: ukiwa umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu, huna haja ya shahidi wa pili.

5. Tok-tok-tok! Linki ya stabilaiza

Huyu ndiye anayewauzia watu shokapu wasizohitaji. Linki ni kijiti chenye kijointi kila mwisho, kinaunganisha fimbo ya stabilaiza na mguu wa gari. Vijointi vikilegea, gari hugonga tok-tok-tok kwenye rafu rodi kwa mwendo mdogo, kisha hunyamaza kwenye lami nzuri.

Kuna jaribio moja tamu. Vuka tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja. Kisha rudi, ulivuke kwa mshazari, gurudumu moja litangulie. Fimbo ya stabilaiza hufanya kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine kubaki. Magurudumu yakipanda pamoja haijipindi. Kwa hiyo gari lililonyamaza mara ya kwanza na kugonga mara ya pili limekutajia jina la mhalifu.

Ukitaka uhakika, fundi afungue linki za pande zote mbili, mzunguke mtaani taratibu. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo msiende mashindano. Kelele ikipotea, nunua linki mbili na uziache shokapu zako zipumzike.

4. Gwa! Shokapu na springi

Haya, sasa shokapu ipewe haki yake. Shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi. Inaacha gari lidunde. Kandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kucheza ngoma, imekwisha. Tazama pia mafuta yanayotiririka kwenye mwili wake, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde. Gwa! yenyewe huja ukiwa na abiria watano na gunia la mchele: nguzo imefika mwisho wa safari yake na kugota.

Usidharau kudunda. Tairi linaloruka halishiki lami, na breki haziwezi kusimamisha tairi lililo hewani. Badilisha shokapu mbilimbili, kushoto na kulia, ili gari lisiwe na mguu mmoja wa kijana na mwingine wa babu.

Springi ikaguliwe pamoja. Kwenye magari ya pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi hutafuna rangi na kutu huanza. Springi huvunjika kwenye mzunguko wa mwisho, mara nyingi wa chini, pale inapokalia kikombe chake, na hapaonekani bila tochi. Gari likiinama upande mmoja bila abiria, chukua tochi. Ncha iliyovunjika inaweza kuchana tairi.

3. Ngu! Bushi ya mkono wa chini

Moja tu, nzito, ukifunga breki au ukiondoka. Mkono wa chini, mafundi wanauita kontroli amu, umeshikwa kwenye bodi kwa bushi kubwa za mpira. Bushi zikichanika, gurudumu zima husogea mbele na nyuma. Usukani unaanza kutangatanga, na alaimenti uliyofanya juzi inayeyuka.

Mpe mwenzako usukani. Asogeze gari mbele kidogo, afunge breki, arudi nyuma, afunge tena. Wewe simama pembeni, utazame nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu lisipokaa mahali pake, umeona kwa macho yako.

Kabla hujahukumu, tenganisha kelele hii na ya breki. Pita kwenye mashimo madogomadogo huku umegusa pedali kidogo. Kelele ikikatika, ni pedi au kalipa inayocheza. Mkono wa chini hauna hatia.

Halafu msimamie fundi kwa jambo moja: boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa miguu ikining'inia, mpira unashikwa katika mkao usio wake. Gari likishuka unajipinda, na kila tuta linauchana. Watu husema spea ni feki, kumbe spea ilinyongwa siku ya kwanza.

2. Tik! Tairodi endi

Ni ndogo, unaihisi kwenye vidole kuliko masikioni. Usukani una nafasi, unaugeuza kidogo na gari halijali. Inua upande mmoja, weka stendi, shika tairi kulia na kushoto, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako aguse jointi ya tairodi, kisha aguse raki kwa ndani. Mahali panapocheza patajulikana kwa vidole.

Sasa shika juu na chini. Mchezo wa huku humaanisha beringi ya gurudumu au boljointi. Beringi ina tabia yake: inavuma, na mvumo unapanda na kasi. Ukikata usukani kulia kwenye barabara pana na mvumo ukazidi, ni beringi ya kushoto, kwa sababu uzito umeegemea huko.

Tairodi ikiachia, gurudumu linachagua njia yake lenyewe. Bei ya kuibadilisha ni ndogo. Usiiahirishe hadi mwisho wa mwezi.

1. Kimya... kisha kiii! Boljointi ya chini

Namba moja haina kelele kubwa. Pengine ni mkwaruzo mfupi ukikata kona polepole, pengine mlio mmoja wa kugonga kwenye shimo. Wengine huongeza sauti ya redio. Izime!

Boljointi ni mpira wa chuma ndani ya kikombe, unaounganisha gurudumu na mkono wa chini. Ukichomoka, gurudumu hulala chini ya bodi na usukani hauna tena la kuamuru. Kwenye Hilux Surf na ndugu zake hali ni kali zaidi, kwa sababu ya jinsi boljointi ya chini inavyobeba uzito. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani kwa ajili ya kifaa hiki, na 4Runner, jina la Surf huko, lilikuwemo.

Kwenye Corolla, inua gari, weka stendi, pitisha mtaimbo kati ya mkono wa chini na kikombe cha gurudumu, kandamiza taratibu. Jointi nzima haisogei. Kagua na mpira wake wa vumbi: ukichanika, maji na mchanga vimeshaingia. Anza na kushoto. Kwetu tunaendesha upande huo, na gurudumu la kushoto ndilo linaloshuka kwenye kingo za lami zilizomeguka.

Ikicheza, gari lisiende gereji. Fundi aje nyumbani na spea. Nauli yake ya bodaboda ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote utakazowahi kulipa.