Nyoka wa Kuanzia

Katika ukoo wetu wa Tanga elimu ya nyoka ni somo moja tu: ukimwona, piga kelele, mwenye panga atakuja. Dada yangu alihamia Leicester, Uingereza, akazaa huko mtoto ambaye somo hilo halikumwingia. Siku alipotimiza miaka 16, umri ambao sheria ya kule inamruhusu mtu kujinunulia mnyama wa kufuga, alitangaza mezani kwamba anataka chatu. Si chatu yeyote, bali yule wa kwetu hasa, anayekua hata akapita mita 4. Wote wakanigeukia mimi, mgeni wao.

"Mjomba, waambie. Wewe si umekua nao?"

"Nimekua nikiwakimbia, mjomba."

Jibu hilo halikusaidia. Nilipelekwa dukani kama mtaalamu. Muuzaji, kijana mwenye tatuu ya fira shingoni, alipojua nimetoka Tanzania akaanza kunieleza mambo kwa unyenyekevu, kila sentensi akisubiri nimsahihishe. Nikawa naitikia kwa kichwa, mikono mfukoni. Alituonyesha boa wa mchangani wa Kenya, kanyoka kanene kanakojifukia na kuacha macho tu nje. Huyo kazaliwa Ulaya sawa na mpwa wangu, na mchanga wa Voi hajauona hata kwa picha. Hatimaye akatushauri kinachoshauriwa kila anayeanza: chatu mdogo wa Ghana na Togo, ambaye akiogopa hujikunja mviringo na kuficha kichwa katikati. Mpole, haumi. Dada akalipa haraka kabla mtoto hajabadili mawazo.

Mpole yule hakula. Wiki zikapita. Panya huuzwa wakiwa wameganda, na walikaa kwenye friza jirani na sambusa za Idi, mfuko ukiwa na maandishi makubwa ya dada: SI SAMBUSA. Chatu ana vitundu midomoni vya kuhisi joto, hivyo panya wa baridi kwake si mlo. Basi panya akapigwa draya ya nywele ya dada mpaka manyoya yakasimama vizuri kuliko ya binadamu wengi ninaowafahamu. Nyoka akamtazama, akaficha kichwa. Aina hii inaweza kususa miezi kadhaa bila kudhurika; anayedhurika ni mwenye nyumba.

Katikati ya mgomo huo rafiki wa mpwa wangu akaenda likizo, akatuachia chatu wake, mtoto wa ile aina kubwa. Huyo alikuwa na matusi. Ukipita mbele ya kioo, anagonga kioo. Lakini alikula siku hiyo hiyo, bila draya.

Kisha mpwa wangu akaingiza mkono kwa huyo mkali kubadili maji bila kunawa harufu ya panya, akang'atwa kidole. Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni. Ukivuta kidole, unajichana mwenyewe. Cha kufanya ni kutulia na kummwagia nyoka kitu cha baridi. Dada hakuyajua hayo. Alifungua friji akanyakua chupa ya kwanza, nayo ilikuwa maji ya Zamzam aliyoyatunza tangu arudi Hija. Chatu akaachia papo hapo. Dada anasema ni baraka, mwanawe anasema ni baridi, na mjadala huo sitauingia.

Mama akapiga simu kutoka Tanga. "Ana sumu?"

"Hana, mama."

"Sasa anafugiwa nini?"

Mimi nimeishia upande wa yule mkali. Nyoka mtoto ni chakula cha nguchiro, kenge na ndege, hivyo kuuma kwake ni akili tu, na anakufundisha kunawa mikono kuliko mama yeyote. Tatizo lake ni urefu: akikomaa, wafugaji wenye busara hawamshiki wakiwa peke yao. Kule koboko huwezi kumfuga bila leseni ya halmashauri, kwa sheria ya mwaka 1976, lakini chatu anayeweza kumeza mbuzi hadaiwi karatasi yoyote. Mimi, ambaye sijameza hata kuku mzima, nilidaiwa taarifa za benki ili nipate viza.

Wenye sumu sitaki hata kuwajadili. Karl Schmidt wa Chicago alikuwa bingwa wa nyoka anayejulikana duniani. Mwaka 1957 aliumwa na boomslangi mchanga, nyoka wa mitini wa Afrika, akaona si kitu, akaenda nyumbani akiandika dalili zake moja baada ya nyingine. Kesho yake akafa. Nilimsimulia mpwa wangu kwa kirefu, maana nilishamwona akichungulia picha za swila kwenye simu.

Mwenye chatu aliporudi likizo alifungua kifuniko kwa bashasha, akang'atwa kifundo cha mkono. Dada, aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni, hakutoka na chupa safari hii.

"Kaka," akaninong'oneza, "hebu muulize kama atamchukua na huyu asiyekula."